Majengo ya kale yanayosemekana kuwa na mizuka karibu na London: twende vipi, na tutafute nini?

Mtembezi anauliza:

Salaam kwenu nyote. Hivi karibuni mimi na wenzangu wachache tutakuwa London kwa muda, na pamoja na shughuli zinazotupeleka huko tumekubaliana kutenga siku za mapumziko ili tutembelee majengo ya kale yanayosemekana kuwa na mizuka, yale yaliyo ndani ya jiji na yale ambayo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mpaka sasa tumechagua Tower of London, kasri la Hampton Court na Ham House iliyo Richmond. Mmoja wetu anatamani sana kufika Borley, kijiji cha Essex ambako palikuwa na nyumba ya kasisi iliyovuma kwa mizuka kuliko nyumba nyingine yoyote ya Uingereza.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, simulizi ni nyingi mno na nyingine zinapingana, kiasi kwamba sijui nitatambuaje ipi ina mizizi katika historia na ipi imeongezwa baadaye ili kuvutia wageni. Pili, je, ni afadhali kwenda mchana au usiku? Tatu, na hili ndilo linalonikosesha raha zaidi, watu wanaosemekana kuonekana humo ni watu waliouawa kweli, baadhi yao kwa dhuluma, nami nashindwa kuamua kama ni heshima kwenda kutafuta msisimko mahali mtu alipopotezea uhai wake. Katika kundi letu yumo anayeamini habari hizi, yumo asiyeziamini kabisa, na yumo mmoja anayeogopa kwa dhati ingawa hataki kuachwa nyuma.

Mpenda Historia anajibu:

Ndugu Mtembezi, karibu. Naona swali lako la kwanza na la tatu ni swali moja, kwa kuwa njia bora ya kumheshimu mtu aliyekufa ni kujua kwa hakika yaliyompata. Nianze na Hampton Court, kwa sababu ndiko utakakoona kwa uwazi zaidi umbali uliopo kati ya hekaya na kumbukumbu.

Kasri hilo liko kando ya Mto Thames, kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, na treni inayotoka kituo cha Waterloo huishia ng'ambo tu ya daraja. Lilijengwa na Kardinali Thomas Wolsey kuanzia miaka ya 1510, kisha likaangukia mikononi mwa Mfalme Henry wa Nane. Ndani yake mna ujia mrefu unaoelekea kwenye kanisa la kifalme, na sifa ya mizuka imeuganda ujia huo hata ikawa ndiyo jina lake rasmi. Inasimuliwa kwamba Malkia Catherine Howard, mke wa tano wa Henry, alipowekwa kizuizini Novemba 1541 aliwaponyoka walinzi wake, akatimua mbio ujiani humo akipiga mayowe ili amfikie mfalme aliyekuwa akisali, na akakamatwa kabla hajaufikia mlango. Mayowe hayo ndiyo yanayosemekana kusikika hadi leo.

Mbio hizo hazina ushahidi wa hati za wakati ule. Zilizopo zinaeleza jambo tulivu zaidi na, kwa maoni yangu, zito zaidi. Askofu Mkuu Thomas Cranmer alimwachia mfalme barua yenye tuhuma dhidi ya malkia katika kiti chake kanisani tarehe 2 Novemba. Siku chache baadaye mfalme aliondoka Hampton Court, na hawakuonana tena. Cranmer huyohuyo, alipotumwa kwenda kumhoji malkia, alimwandikia mfalme kwamba alimkuta katika kilio na majonzi ambayo hakuwahi kuyaona kwa kiumbe mwingine. Catherine akahamishiwa Syon, iliyokuwa nyumba ya watawa, na tarehe 10 Februari 1542 akapelekwa Tower, ambako siku tatu baadaye alikatwa kichwa, akiwa binti ambaye yumkini hakuwa ametimiza miaka 21. Nakusihi usome habari za barua hiyo ya pili, ya Cranmer kwa mfalme kuhusu kilio cha malkia, kabla ya kwenda. Msomaji wake akisimama ujiani hapo hatasubiri mayowe, kwa sababu atakuwa tayari anajua kilio kilichosikika kweli katika jengo hilo na aliyekisikia.

Kuhusu namna ya kupima simulizi, mimi hutazama kwanza ni lini ilianza kusimuliwa, wala si lini tukio lenyewe linadaiwa kutokea. Chukua mfano wa Sybil Penn, mlezi wa Edward, mtoto wa Henry. Alifariki mwaka 1562 kwa ugonjwa wa ndui, akazikwa katika kanisa la Hampton. Kanisa hilo lilipobomolewa mwaka 1829 kaburi lake liliguswa, na ni baada ya hapo ndipo watu walipoanza kusema kwamba wanasikia gurudumu la kusokotea nyuzi nyuma ya ukuta. Miaka zaidi ya 250 alikuwa amelala bila habari yoyote. Kwangu mimi simulizi hiyo ina thamani kubwa, ila ni ushahidi wa mambo ya karne ya 19, wa jinsi watu wa wakati huo walivyohisi kuona kaburi la kale likiondolewa mahali pake, na haitupi jipya kuhusu mama huyo mwenyewe.

Hali ni hiyohiyo kule Tower. Wengi wamesikia kwamba Malkia Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, hutembea akiwa amebeba kichwa chake kwapani, lakini ni wachache wanaoelezwa kwamba siku aliyouawa, tarehe 19 Mei 1536, hapakuwa na jeneza lililoandaliwa, ikabidi mwili wake ulazwe katika sanduku la kuwekea mishale na kuzikwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Petro lililo ndani ya ngome hiyo. Ukarabati wa mwaka 1876 uliifikia mifupa ya waliozikwa chini ya sakafu, nayo ikazikwa tena kwa taratibu zinazostahili. Mtu akiniuliza ni kipi cha kumweleza mgeni kwanza, nitasema ni lile sanduku la mishale.

Fundi wa Majengo ya Kale anajibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mpenda Historia na nayaunga mkono. Kazi yangu ni ukarabati wa majengo ya mawe na chokaa, kwa hiyo nitaeleza mambo ambayo mwili huyahisi ndani ya majengo kama hayo, kwa kuwa yule mwenzenu mwenye hofu huenda akatulia akiyafahamu mapema.

Nyumba kongwe haikai kimya. Mbao za sakafu na boriti hutanuka kidogo mchana na kusinyaa joto linaposhuka usiku, na kila moja husogea kwa wakati wake, ndiyo maana milio hufuatana kama hatua za mtu anayetembea kuelekea upande mmoja. Dohani pana iliyoachwa wazi hushusha hewa baridi hadi katikati ya chumba, hata ukahisi ubaridi mahali pamoja na hatua moja mbele usiuhisi. Milango mizito hujifungua pale kitasa kinapolegea na upepo ukabadilika katika ujia mrefu. Mwishoni mwa mwaka 2003 kamera za ulinzi za Hampton Court zilinasa mlango wa dharura ukifunguka na mtu mwenye joho refu akijitokeza kuufunga, na picha hizo zikazunguka dunia nzima. Wengi walishangazwa na joho. Mimi, kama fundi, nilivutwa zaidi na ule mlango uliokuwa ukifunguka mara kwa mara, kwa sababu hilo ni jambo la kukaguliwa.

Utafiti nao upo. Mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo ya uchunguzi wao katika Hampton Court na katika vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, Edinburgh, lililokamilika mwaka 1788. Waligundua kwamba watu walieleza kuhisi mambo yasiyo ya kawaida zaidi katika sehemu zenye sifa ya mizuka kuliko katika sehemu nyingine, na tofauti hiyo haikutokana na kuzijua habari hizo kabla. Sehemu hizo zilitofautiana na nyingine katika mambo kama kiwango cha mwanga, ukubwa wa chumba na mabadiliko ya usumaku. Hilo lina maana kwamba anayesema amehisi kitu hadanganyi. Amehisi kweli. Kinachobaki ni kujua mwili wake umekutana na nini.

Yapo maelezo mengine ambayo huenezwa kuliko yanavyostahili. Mhandisi Vic Tandy wa Coventry aliandika mwaka 1998 kwamba feni iliyokuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban mitetemo 19 kwa sekunde, ambayo sikio haliwezi kuyasikia, ndiyo iliyomfanya aone kivuli cha kijivu pembeni ya jicho lake. Ni maelezo ya kuvutia sana, lakini Christopher French na wenzake walipotengeneza chumba maalumu London na kuweka mawimbi ya aina hiyo pamoja na nguvu za kisumaku, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 hayakuonyesha kwamba mitambo hiyo ndiyo iliyosababisha hisia za watu. Waliona wepesi wa mtu kushawishika ndio unaoeleza zaidi. Kwa hiyo msiondoke na imani kwamba kila kitu kimekwishapatiwa jibu.

Ninalosisitiza kuliko yote ni hewa. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer alichapisha nchini Marekani habari za familia iliyohamia katika nyumba kubwa ya zamani, ikaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo, huku wakaazi wakiumwa vichwa na mimea ikinyauka. Ikabainika kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wenye gesi ya kaboni monoksaidi ulikuwa ukisambaa vyumbani badala ya kutoka nje. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Ndani ya jengo lolote la kale, kundi zima likianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msikae kujadiliana juu ya mizuka, bali tokeni nje mara moja na mwite msaada.

Hampton Court, Tower na Ham House ni mahali panapokaguliwa na kutunzwa, hivyo hofu yangu si huko. Hofu yangu ni yale majumba yaliyotelekezwa ambayo vijana hupeana habari zake na kuyaingia usiku bila idhini ya mwenye mali. Sakafu iliyooza juu ya chumba cha chini huonekana nzima kabisa kwa mwanga wa tochi. Humo mna vumbi la asbesto, rangi zenye madini ya risasi na vinyesi vya popo na njiwa vinavyoweza kudhuru mapafu. Majumba ya namna hiyo, tafadhali, yatazameni kutoka barabarani.

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Ndugu zangu, nashukuru kwa maarifa haya, ila ningependa kumsemea yule anayeogopa na yule anayeamini. Ndugu Fundi ameeleza vyema kuhusu boriti na dohani, na ninakubali kwamba ni vizuri mtu ajue. Hata hivyo, si busara kumwandama mwenzako chumba hadi chumba ukimfafanulia kila anachohisi. Mtu anayeamini kwamba wafu wanaendelea kuwa na uhusiano na mahali walipoishi ana utamaduni mrefu nyuma yake, na mara nyingi ndiye anayeingia kwa adabu kuliko wote: hupunguza sauti, huepuka kukanyaga kaburi, na humtajia marehemu mema. Mwacheni aingie kwa namna yake.

Ninayo sababu ya kusema hivyo. Wengi wetu tunayajua magofu ya Gede katika pwani ya Kenya, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, na hata yeye aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kama yuko mtu au kitu kinachotazama kutoka nyuma ya kuta. Hisia hiyo haikumzuia kupima kila ukuta na kuandika habari za misikiti, makaburi na jumba la mtawala, wala kuona kwamba kisima kilicho kando ya msikiti mkuu kilikuwa kimechimbwa kwenda chini zaidi, dalili kwamba huenda maji yalikuwa yakiwakimbia wakaazi. Mtu mmoja alibeba yote mawili bila shida, na mwaka 2024 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuhusu adabu, kumbukeni kwamba kanisa lile la ndani ya Tower ni mahali pa ibada mpaka sasa, na ndani yake wamezikwa malkia wawili waliotajwa hapo juu pamoja na wengine waliouawa kwa amri ya wafalme. Usipige picha ya kujichekesha mbele ya kaburi la mtu aliyekatwa kichwa. Usiigize mayowe ya Catherine katika ule ujia, jambo ambalo baadhi ya wageni hulifanya bila kufikiri.

Yule mwenye hofu mwanzisheni Ham House. Ilijengwa mwaka 1610 kando ya mto, na hekaya zake ni za upole: harufu ya tumbaku ya kiko cha Duke wa Lauderdale, kabaila wa karne ya 17 aliyeishi humo, katika chumba cha chakula, na mbwa mdogo anayesikika akitembea. Elizabeth Murray, mke wa kabaila huyo, aliyefariki mwaka 1698, alikuwa mwanamke mwenye akili kali ya siasa aliyeishikilia nyumba hiyo katika misukosuko iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, na samani nyingi za enzi yake bado zimo. Nendeni asubuhi, mwanga ukiwa unaingia madirishani. Akitoka humo salama, Tower haitamtisha sana.

Mtembezi anaandika tena:

Nawashukuru sana, hasa kwa habari za barua ya Cranmer, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia hata mara moja ingawa hekaya ya mayowe nimeisoma kila mahali. Tumekubaliana tutaanza na Ham House na kwamba hatutakanyaga jumba lolote lililotelekezwa. Limebaki suala la Borley, kwa kuwa mwenzetu bado anashikilia kwamba twende usiku, na la kama ipo njia halali ya kuliona moja ya majengo haya baada ya jua kutua.

Mpenda Historia anajibu:

Kuhusu Borley, mwambie mwenzako ukweli wa wazi: nyumba yenyewe haipo. Ilijengwa miaka ya 1860, ikajulikana nchi nzima kuanzia mwaka 1929 kupitia magazeti na uchunguzi wa Harry Price, mchunguzi maarufu wa mizuka, ikaungua mwaka 1939 na mabaki yake yakabomolewa mwaka 1944. Baadaye, mwaka 1956, wachunguzi watatu wa Society for Psychical Research, chama cha Uingereza cha utafiti wa mambo haya, walichapisha tathmini iliyotilia shaka sehemu kubwa ya ushahidi wa Price mwenyewe. Kilichobaki ni kijiji kidogo chenye kanisa la kale na watu wanaoishi humo, ambao kwa miongo mingi wamesumbuliwa na magari na kelele za wageni wa usiku wanaokuja kuitafuta nyumba isiyokuwapo. Kama lazima aende, aende mchana, atembee kimya, na asiingie katika ua wa mtu. Mimi ningemshauri aisome kesi hiyo nyumbani, kwa sababu ni somo zuri sana la jinsi sifa ya mizuka inavyojengwa, na hakuna sehemu yake inayohitaji mtu awepo Borley usiku wa manane.

Kuhusu kuingia usiku kwa njia halali, ipo iliyo bora kuliko matembezi yoyote ya mizuka. Kila usiku, kabla ya saa nne, walinzi wa Tower hufanya sherehe ya kufunga malango, ambapo mlinzi mkuu hupita na taa na funguo, akasimamishwa na askari wa zamu, akaulizwa ni nani ajaye, akajibu kwamba ni funguo. Sherehe hii imefanyika kwa takriban miaka 700, na hata mabomu yaliyoangukia eneo hilo tarehe 29 Desemba 1940 yaliichelewesha tu. Wageni wachache huruhusiwa kuitazama, na hawaruhusiwi kupiga picha. Mtasimama gizani ndani ya kuta zilezile, hatua chache tu kutoka mahali alipozikwa Catherine, na mtasikia nyayo juu ya mawe zikiwa ni nyayo za kweli.

Nafasi zake hujaa mapema sana, hivyo ziombeni kwenye tovuti rasmi ya ngome kabla hamjapanga siku nyingine yoyote ya safari, kisha matembezi mengine yapangeni kuzunguka usiku huo mtakaopewa. Msipopata nafasi, ulizeni Hampton Court kuhusu matembezi ya jioni yanayoongozwa na wafanyakazi wa kasri. Hayo hupangwa kwa msimu, na kiongozi mzuri mkimwomba awaeleze habari za barua ya Cranmer atafurahi kufanya hivyo.

Fundi wa Majengo ya Kale anaongeza:

Kwa sherehe hiyo ya usiku vaeni viatu vyenye soli inayoshika vizuri, kwani mawe ya ndani ya ngome yamelainishwa na miguu ya karne nyingi na huteleza sana yakilowa.